Moja Chini ya Jina la Mama Ejide

Saa moja na dakika arobaini na mbili asubuhi, siku ya Jumatatu, Mama Ejide alisimama kwenye mlango wa chumba changu cha kazi mjini Kigoma. Alitazama skrini ya kompyuta, akanitazama mimi, kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Fundi, nani amesoma barua yangu?"

Dakika hiyo naikumbuka kwa sababu rahisi. Jenereta ya ofisi iliwashwa saa moja na nusu kamili, na kompyuta ile ilihitaji dakika kumi na mbili tangu umeme uingie mpaka majina ya watumiaji yatokee. Msicheke. Simu zenu zinawaka kabla hamjaondoa kidole. Sisi tulikaa mbele ya kioo cheusi tukisikiliza feni ikikohoa vumbi, na mtu alipata muda wa kufikiria maisha yake yote.

Mmeniomba, ninyi vijana mnaojifunza ufundi wa kompyuta hapa mjini, niwaandikie machache ya kazi yangu. Naitwa Yasini, mzaliwa wa Ujiji. Sikusomea chuoni. Nilianza na redio za mawasiliano, nikahamia kwenye kompyuta zilipokuja na mashirika yaliyohudumia wakimbizi, na nikaacha kazi wakimbizi walipoondoka na ofisi zikafungwa. Ningeweza kuanza na nyaya au betri. Lakini kila ninapokaa kuandika, ninaiona asubuhi ile, na kile kitu kidogo kilichokosekana kwenye skrini.

Niwaeleze kwanza kilikuwa kitu gani. Ofisi yetu ilikuwa na kompyuta moja ya pamoja kwa wafanyakazi wa kawaida. Ukiiwasha, kabla hujaandika neno la siri, ilionyesha majina ya wote wanaoitumia, moja chini ya jingine, kila jina na picha yake ndogo. Picha zilikuja na mashine: bata, farasi, mpira, samaki, kipepeo. Na chini ya jina la mtu yalitokea maandishi madogo ya Kiingereza yanayosema ana barua pepe ngapi ambazo hajazisoma. Mbili. Tano. Moja. Asiye na kitu, chini ya jina lake palikuwa patupu.

Sasa fikirini maana yake. Yeyote aliyepita mlangoni aliweza kuona nani ana barua na nani hana. Likawa jambo la kila asubuhi. Watu walikuja kwangu kabla ya kwenda mezani kwao, wakasimama mlangoni wakisubiri majina yatokee, kama wachuuzi wa Kibirizi wanavyosimama ufukweni kungoja kujua mitumbwi imerudi na dagaa kiasi gani.

Wa kwanza kufika alikuwa dereva wetu, Masudi. Yeye ndiye aliyechagua picha ya samaki, na siku ile ile akalalamika kwamba samaki mwenyewe si wa ziwa letu. Chini ya jina lake namba ilikuwa kubwa kuliko za wote.

"Thelathini na nne!" alikuwa akitangaza. "Mnaona? Mimi ni mtu wa watu. Fundi, wewe una ngapi leo?"

"Sina."

"Hata moja?"

"Hata moja, Masudi."

"Pole, bwana. Nikugawie zangu?"

Barua zake zote thelathini na nne zilikuwa matangazo ya dawa za kuotesha nywele. Sikumwambia. Hakuwahi kuifungua programu ya barua zaidi ya kuitazama usoni, na furaha yake haikumgharimu mtu kitu.

Mimi jina langu lilikuwa la juu kabisa, kwa kuwa ndiye niliyeitunza mashine, na chini yake palikuwa patupu siku zote. Mke wangu alikuwa amerudi kwao Tabora mwaka wa pili wa ndoa. Wazazi wangu wamelala makaburini Ujiji. Wengi niliofahamiana nao hawakuwa na barua pepe, na waliokuwa nayo niliwaona ana kwa ana kila siku, tukaulizana habari za mvua.

Mama Ejide alikuwa mkalimani wetu wa Kirundi. Kwao Burundi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mahali karibu na Nyanza-Lac, kando ya ziwa hili hili. Alikuwa na kibali cha kukaa mjini kwa ajili ya kazi, akapanga chumba Ujiji, mitaa miwili kutoka kwangu. Kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto wake, nasi tulimwita hivyo bila kufikiri, mara ishirini kwa siku: Mama Ejide, chai. Mama Ejide, kuna mgeni. Na Ejide mwenyewe alikuwa ametenganishwa naye usiku walipokimbia, akiwa na miaka tisa. Ilikuwa imepita miaka minane.

Ofisi moja inayotafuta ndugu waliopotezana ilimwambia kwamba habari yoyote itakayopatikana ataletewa kwa barua pepe. Kwa hiyo nikamtengenezea jina kwenye kompyuta ya pamoja. Akachagua kipepeo. Nikampa anwani, akaipeleka kwao, na hakumpa mtu mwingine yeyote. Wiki chache baadaye, asubuhi moja, chini ya kipepeo pakatokea moja.

Sisi wote tulishangilia. Masudi alipiga makofi. Mama Ejide aliketi, akaandika neno lake la siri huku nikitazama dirishani kama ilivyo desturi yangu, programu ya barua ikafunguka yenyewe kama nilivyoipanga, ikamwambia kwenye ukurasa wake wa mbele kwamba ana barua moja. Akaishika mausi. Akaiachia. Akafunga programu, akafungua kazi yake ya tafsiri, akaanza kuchapa.

Hakuifungua siku ile. Wala kesho yake. Kila asubuhi alikuja, akasimama mlangoni, akaiona moja yake, akasema "Bwakeye, Fundi," nami nikamjibu "Mwakeye" kwa Kiha chetu ambacho kwake ni kama Kirundi kilichovaa kanzu, akaingia kazini. Ikapita wiki, zikapita kadhaa. Hakuna aliyemuuliza. Hata Masudi, ambaye ulimi wake haukuwa na breki kama za gari lake, alipofika kwenye jina lile alinyamaza.

Ndipo ikaja Jumatatu hiyo, na chini ya kipepeo palikuwa patupu.

"Hakuna aliyesoma," nikamwambia. "Neno la siri unalo wewe peke yako."

"Wewe ndiye fundi. Fundi ana funguo zote."

"Mama Ejide, sijagusa."

"Namba huondoka barua ikisomwa. Wewe mwenyewe ulinifundisha hivyo."

Ni kweli nilimfundisha hivyo. Ndivyo nilivyojua.

"Ingia uangalie," nikasema. "Huenda bado ipo."

"Nikiingia nikakuta haipo, je?"

Akachukua karatasi na kalamu, akaenda kukaa ukumbini, na siku ile akatafsiri kwa mkono. Kesho yake vivyo hivyo. Alipita mlangoni kwangu bila kusema bwakeye. Ofisi ndogo, watu tunajuana, na kufikia Jumanne mchana walionisalimia walikuwa wachache. Jioni nilitembea kurudi Ujiji, nikamwona mbele yangu kwa umbali, kitenge chake cha kijani, naye hakugeuka.

Hapa nimlete mtu aliyenifundisha kazi, Mzee Rashidi, fundi wa redio. Alikuwa na tabia moja iliyowakera wakubwa: redio ikifa, yeye aliagiza kahawa. Siku moja mawasiliano yalikatika asubuhi nzima. Wakubwa wakazunguka wakipiga kelele, mtu mmoja akafungua mashine kwa bisibisi, mwingine akasema tuagize nyingine kutoka Dar es Salaam. Mzee Rashidi alikaa kwenye kiti chake na kikombe, akauliza kila mtu swali moja tu: jana mlifanya nini ambacho juzi hamkufanya? Alipofika kwa mpishi, mpishi akasema, "Nimefua blanketi." Alikuwa amelianika wapi? Kwenye waya wa antena. Blanketi la sufu, limelowa, kilo nyingi, waya umegusa bati.

Akaniambia, "Yasini, mashine haina kinyongo. Kuna kilichobadilika. Kitafute hicho, mengine yaache yalivyo."

Basi nikaagiza kahawa. Nikajiuliza: wiki zote hizi namba ilikaa, Jumatatu hii imeondoka. Nini kilibadilika? Sikuona kitu. Mama Ejide hakuwepo Ijumaa, alipelekwa kituo cha mapokezi kule Kibirizi kutafsiri, maana usiku wa kuamkia siku hiyo waliingia watu kwa boti. Lakini mtu kutokuwepo kunaifanyaje barua isomwe?

Nikakumbuka jambo langu mwenyewe, na hili nilikuwa sijamwambia mtu. Kabla ya sikukuu ya Idi, nilikuwa nimejitumia barua. Nilitaka tu siku moja, nikirudi kazini, Masudi akiuliza una ngapi, nimjibu moja. Niliituma, nikaiona imefika, sikuifungua, nikafunga ofisi. Skrini ilionyesha moja chini ya jina langu na nikaondoka nikiwa na furaha ya kitoto. Mapumziko yakawa marefu, kwa kuwa mwezi ulichelewa kuandama. Niliporudi, palikuwa patupu. Nilidhani labda niliisoma bila kujua. Niliona aibu hata kuichunguza, na programu ya barua sikuifungua tena tangu siku ile.

Sasa nikaichunguza. Ilikuwepo, herufi zake nzito, haijaguswa.

Nikatengeneza jina la uongo kwenye kompyuta, nikaliita Jaribio. Nikalitumia barua, nikafungua programu ya barua, nikaifunga. Skrini ikaonyesha moja. Nikaisogeza tarehe ya kompyuta siku moja mbele. Moja ipo. Siku mbili. Ipo. Nikavuka siku tatu. Haipo. Nikafungua programu, barua imekaa palepale. Nikaifunga, nikarudi kwenye majina: moja imerudi.

Vijana, shikeni hili, maana hata leo linatumika kwa mashine nyingine nyingi. Skrini ile ya majina haijui habari za barua. Haiendi posta. Programu ya barua ndiyo inayohesabu, na kila inapofanya kazi huiandika hesabu yake mahali fulani ndani ya mipangilio ya kompyuta, pamoja na siku na saa ilipoandika. Skrini inasoma tu kilichoandikwa. Ni kama mtu wa barabarani Kibirizi anayekwambia mtumbwi umeleta vikapu kadhaa: yeye hakuviona, ameambiwa alfajiri na mtu wa ufukweni. Vikiongezeka baadaye hajui, vikiuzwa hajui. Na aliyeitengeneza mashine aliamua kwamba hesabu iliyopita siku tatu imeshachacha kama samaki mgebuka wa juzi, hivyo skrini isiionyeshe tena. Barua inabaki. Kinachoondoka ni tangazo lake.

Mama Ejide alikuwa akiingia kwenye kompyuta kila siku ya kazi, programu inafunguka, hesabu inaandikwa upya. Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi hazitimii siku tatu. Lakini Alhamisi jioni mpaka Jumatatu asubuhi zinapita. Ijumaa moja tu ya Kibirizi.

Nilifurahi mpaka nikasahau kuirudisha tarehe. Asubuhi ya Jumatano Masudi alichapa karatasi ya safari, akaisoma, akaja mbio.

"Fundi! Leo Jumamosi?"

"Jumatano."

"Karatasi ya serikali ya kompyuta inasema Jumamosi, na mwezi umeisha. Mshahara wangu uko wapi?"

Nikamwomba anisaidie kumwita Mama Ejide. Alikuja, akasimama mlangoni, hakuingia.

Nikamweleza yote, polepole. Aliposikia siku tatu alitikisa kichwa.

"Oya, Fundi. Hapana. Hayo ni maneno ya kunituliza."

"Umejuaje ni ya kukutuliza?"

"Kwa sababu yanatuliza."

Ikabidi nimwambie. Nilifunga mlango, nikamwambia habari ya Idi: kwamba nilijiandikia barua mwenyewe, kwa nini nilijiandikia, na jinsi nilivyorudi nikakuta patupu. Nikamwonyesha barua yenyewe. Ilikuwa na mstari mmoja: Yasini, habari za sikukuu. Alisoma, akanigeukia. Hakucheka, na ningemwelewa kama angecheka.

"Ulijijibu?" akauliza.

"Hapana."

"Ungejijibu. Si vizuri kumwacha mtu."

Akavuta kiti, akaketi.

Nikamzuia kidogo kwanza. Programu ile ilikuwa na kawaida moja mbaya: ukiingia kwenye kisanduku cha barua, yenyewe inaifungua ya juu kwenye dirisha la chini, na ukikaa sekunde chache inahesabu umeisoma. Nikamwambia asiguse kisanduku. Ukurasa wa mbele unatosha, hauonyeshi jina la mtu wala neno lolote, unataja hesabu tu. Nikageukia dirishani. Nikasikia vidole vyake kwenye kibodi, kisha pumzi.

"Ipo," akasema. "Ego, ndiyo. Ipo."

Akafunga, tukarudi kwenye majina. Moja, chini ya kipepeo.

Nilimuuliza siku hiyo kwa mara ya kwanza kwa nini haifungui. Alijibu kama mwalimu anayemweleza mwanafunzi jambo la kawaida.

"Habari zote za watu wangu nimeletewa zikiwa wazi, Fundi. Mtu anapiga kelele barabarani, fulani wamemuua, fulani nyumba imeungua. Hujajiandaa, unazo tayari. Hii ni ya kwanza kuja imefungwa. Nikiwa nayo hivi, Ejide hajafa. Niache nikae naye."

Nikaziongeza siku tatu za mashine ziwe thelathini kwa jina lake, jambo linalowezekana ukijua mahali pa kubadilisha. Hakuwa na haja tena ya kuogopa Ijumaa. Lakini tangu hapo alikuja mapema kabla ya wengine, akakaa kwenye kiti cha pembeni, tukasubiri zile dakika za kioo cheusi pamoja. Wakati mwingine alileta mihogo ya kuchemsha. Hatukuzungumza sana. Katika miaka yote ya kazi, hizo ndizo asubuhi ambazo kompyuta ilionekana kwangu inawaka upesi mno.

Kisha likaja tangazo la malori. Warundi walikuwa wakirudishwa kwao kwa misafara kupitia mpaka wa Manyovu, na kazi ya ukalimani ilikuwa inaisha pamoja nao. Kibali cha Mama Ejide kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi ule. Angerudi Nyanza-Lac, na huko hakukuwa na kompyuta. Akijua Ejide yuko kambi fulani, angeweza kuomba abaki amfuate. Akijua hayupo tena, angerudi nyumbani kulima. Asipojua, angeondoka na kuiacha barua imefungwa ndani ya mashine ya watu.

Siku mbili kabla ya msafara aliniita.

"Simama hapa karibu," akasema. "Leo usitazame dirishani."

Akaingia kwenye kisanduku. Barua ikafunguka. Ilikuwa fupi, ya Kifaransa, akaisoma kwa kunong'ona, akaisoma tena, kisha akaweka mikono yote miwili juu ya kichwa.

"Imana yanje," akasema. Mungu wangu. "Wananiuliza."

Barua haikuwa na jibu. Ilikuwa na swali. Wamempata kijana ambaye huenda ndiye. Amesahau jina la kijiji chake, lakini anakumbuka kuungua na mafuta ya mawese jikoni akiwa mdogo. Je, kovu la mtoto wako liko mkono upi? Tafadhali jibu upesi.

Muda wote ule, yeye alikuwa akiwangoja wao, nao walikuwa wakimngoja yeye.

Nilidhani atalia. Alichapa. Alichapa kwa vidole viwili, kwa nguvu, kama anayeponda sombe, majani ya muhogo: kushoto, chini ya kiwiko, umbo la jani. Akatuma. Akainuka, akaketi, akainuka tena.

"Tuma tena, Fundi. Labda haikwenda."

"Imekwenda."

"Umejuaje?"

"Mama Ejide, imekwenda."

Siku ile na ya pili yake tuliangalia kila dishi la setilaiti lilipotupa mtandao. Palikuwa patupu. Asubuhi ya msafara alikuja na mzigo wake mmoja, sufuria imefungwa juu. Masudi ndiye aliyempeleka kwenye malori, na njia nzima, aliniambia baadaye, hakusema utani hata mmoja, hakuona wa kusema. Kabla ya kupanda gari, Mama Ejide aliniambia neno lake la siri sikioni. Sitaliandika hapa. Akanipa kipande cha karatasi chenye namba ya simu ya duka la dawa karibu na kwao, na vocha ya simu ya shilingi elfu tano, haijakwanguliwa. Aliinunua, alisema, siku ile moja ilipotokea mara ya kwanza, ili akipata ujasiri awe na njia ya kupiga.

"Ukiona moja, usisome peke yako," akasema. "Nipigie tusome wote."

Nilifungua jina lake kila asubuhi. Kama mlivyoelewa, bila mtu kuingia, namba isingejitokeza yenyewe kamwe, hata barua zingefika mia. Ndiyo sababu nawaambia msiamini patupu pa mashine. Patupu huenda maana yake hakuna aliyekwenda kuuliza. Nilikaa na kioo cheusi, kiti cha pembeni kikiwa kitupu, nikaingia, nikasoma ukurasa wa mbele, nikatoka. Sheria ya ofisi ilisema aliyeacha kazi jina lake lifutwe wiki ile ile. Wiki ikapita. Msimamizi akaniuliza kipepeo ni cha nani, nikasema bado kuna kazi haijaisha.

Katika wiki ya tatu ikatokea moja.

Nilikwangua vocha kwa ukucha, nikaingiza tarakimu, nikapiga. Mwenye duka akapokea, nikamweleza kwa Kiha, akanielewa, akaenda kumwita huku simu ikiwa wazi. Nilisikia kuku. Nilisikia pikipiki ikipita. Kisha nikasikia anahema.

"Fundi."

"Mama Ejide. Ipo moja."

Salio lilikuwa linakwenda na sikuthubutu kumharakisha.

"Soma," akasema.

Kifaransa changu ni cha vitabu vya mashine. Nilisoma neno kwa neno, nikikosea matamshi, naye akinirekebisha kama mwalimu, mpaka tukafika mahali ambapo hakurekebisha tena. Kovu ni mkono wa kushoto. Umbo la jani. Kijana anaitwa Ejide, yuko hai, anafanya kazi ya kutengeneza nyavu mjini Baraka, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo.

"Baraka," akasema. "Baraka naiona. Nikisimama hapa, siku isiyo na ukungu, milima yake naiona."

Akaita watu kwa Kirundi, nikasikia mlango, sauti za wanawake, mtu akipiga vigelegele. Akarudi kwenye simu akicheka na kulia.

"Urakoze, Fundi. Urakoze cane, asante sana. Na wewe? Ile barua yako, ulijijibu?"

"Bado."

"Jibu," akasema, na mtu akamwita, akaniaga, akakata.

Nilifunga programu, nikarudi kwenye majina. Chini ya kipepeo palikuwa patupu, safari hii kwa haki, kwa kuwa barua imesomwa. Nikalifuta jina lake kama sheria ilivyosema. Majina mengine yakasogea juu kuziba nafasi. Masudi aliingia, akatazama skrini, akauliza imekuwaje, nikamwambia. Akatoka nje mbio kuwaambia wengine, na hakukumbuka kutazama namba zake.

Nilibaki na simu mkononi. Ikalia kuniarifu kilichobaki. Nilifikiri nimpigie mtu, nimweleze, maana habari ile ilikuwa kubwa kuliko chumba. Nikapita jina moja baada ya jingine kwenye simu, nikafika mwisho. Nililitunza lile salio mpaka muda wake ukaisha, halikutumika: shilingi mia tatu na arobaini.